Kulegeza ajira: nani abebe hasara?

Kwa miaka mingi sasa, kila sera ya ajira inapojadiliwa katika nchi yetu, husikika dai lile lile. Hudaiwa kwamba sheria za kazi zinamlinda mfanyakazi kupita kiasi. Kwamba mwajiri akishamwandika mtu ni kama amefunga naye ndoa isiyo na talaka. Na kwamba kwa hofu hiyo wenye mitaji hawaajiri, na vijana wetu wanazurura mitaani na vyeti mkononi. Dawa inayopendekezwa ina jina zuri: unyumbufu. Mwajiri apewe nafasi ya kuongeza watu kazi inapozidi na kuwapunguza inapopungua, bila barua nyingi, bila mabaraza, na bila malipo ya kuumiza.

Hatuna ugomvi na jina. Tunachouliza ni jambo moja tu, na tungependa wanaolihubiri neno hilo walijibu bila kuzunguka: kazi inapopungua, hasara yake aibebe nani?

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kwamba kazi haibadiliki. Mashamba ya miwa ya Kilombero na Mtibwa hayawezi kuwa na idadi ile ile ya wakataji katika mwezi wa Agosti na katika mwezi wa Aprili, mvua zinapokuwa zimefunga njia za trekta. Viwanda vya kuchambua pamba vya Shinyanga na Simiyu hunguruma kwa msimu, kisha hunyamaza. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii wapatao milioni 1.5, mwaka 2020, dunia ilipofungwa kwa maradhi ya korona, walikuja wapatao 620,000 tu. Ni wazi kwamba mwenye hoteli ya Karatu au ya Nungwi asingeweza kulipa mishahara kamili kwa vyumba vilivyokuwa vitupu. Lakini wapishi, madereva na wapiga deki waliopewa likizo isiyo na malipo nao walikuwa na kodi ya nyumba na ada za watoto. Hasara ile haikugawanywa. Ilishushwa ngazi kwa ngazi mpaka ikamfikia yule ambaye chini yake hakuna mwingine wa kumshushia.

Huo ndio msingi wa hoja yetu. Wepesi wa kubadilika una thamani kwa mwajiri, na kila chenye thamani kina bei. Anayeutaka aulipie. Haiwezekani faida ya wepesi iende upande mmoja na gharama yake yote iende upande mwingine, kisha tuambiwe kwamba hiyo ndiyo sera ya kisasa.

ASILI YA KIBARUA

Kisasa? Hebu tulitazame neno letu wenyewe. Kibarua asili yake ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili kikaonyeshwe jioni wakati wa kupokea ujira. Katika Unguja ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa wafanyabiashara kusafisha sandarusi na kupakia majahazi. Sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Utumwa ulifutwa, lakini kikaratasi kilibaki. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kikaitwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na siku ambayo nyapara hakuitia alama ilihesabika kuwa haikufanyiwa kazi. Mwenye shamba hakuwa na deni lolote kwa mtu huyo zaidi ya kadi iliyojaa. Alipougua, alipozeeka, au bei ya mkonge iliposhuka huko Ulaya, alirudishwa kwao, na shamba la mkewe kijijini ndilo lililokuwa bima yake ya afya na pensheni yake.

Ukitaka kuona unyumbufu uliokamilika, usiokwazwa na sheria yoyote, ni huo. Mkoloni alikuwa nao kwa utimilifu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walioitwa kazini meli ilipotia nanga na kufukuzwa getini meli ilipoondoka waliujua vizuri kuliko mwanauchumi yeyote, na ndio walioanzisha mgomo mkubwa wa mwaka 1947 uliosambaa kufuata Reli ya Kati hadi bara. Kwa hiyo mtu anapotuletea leo mkataba unaomfanya mfanyakazi aamke kila asubuhi bila kujua kama kesho yumo, asituambie kwamba ametuletea jambo jipya. Ametuletea kipande, ila kimepigwa chapa kwenye kompyuta.

SHERIA YA 1964

Ni historia hiyo iliyoifanya nchi huru ishughulikie suala la ajira mapema. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya malipo kwa anayeachishwa kazi. Mwaka 1964, mwaka ule ule ilipoundwa NUTA, ikapitishwa Sheria ya Usalama wa Ajira. Kwa sheria hiyo mwajiri alinyang'anywa ule uwezo wa kumwambia mtu asubuhi, “chukua chako uende.” Makosa ya kazini yaliorodheshwa pamoja na adhabu zake. Katika kila mahali penye wanachama 10 au zaidi wa chama cha wafanyakazi iliundwa Kamati ya Wafanyakazi, na mwajiri alipaswa kuzungumza nayo kabla ya kuadhibu au kupunguza watu. Aliyeonewa alikwenda kwenye Baraza la Usuluhishi, na kutoka hapo kwa Waziri.

Sheria ile ilikuwa na kasoro, na kuzitaja si usaliti. Kubwa kuliko zote ni kwamba ilimpa mfanyakazi kinga lakini ikampunguzia sauti. Katika miaka ya mwanzo, Katibu Mkuu wa NUTA, ndugu Michael Kamaliza, ndiye huyo huyo aliyekuwa Waziri wa Kazi. Mtetezi na mwamuzi walikuwa mtu mmoja. Matokeo yake yalionekana baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao ibara yake ya 15 ilikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo wakaishika neno kwa neno. Migomo mingi iliyofuata hadi 1973 haikudai nyongeza ya mshahara, ilidai heshima. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walifikia hatua ya kumzuia mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Watu wale walikuwa na usalama wa ajira kwa mujibu wa sheria, na bado walikuwa na jambo la kusema ambalo hapakuwa na pa kulisemea.

Lakini kosa hilo silo wanalolitaja wapinzani wa sheria ile. Wao husema kwamba ni usalama wa ajira ulioviua viwanda vyetu vya umma, kwa kuwalea wazembe. Uzembe ulikuwapo, na wizi pia. Hakuna haja ya kuficha. Hata hivyo, mtu aliyekuwapo katika miaka ya 1980 anajua mashine zilisimama kwa nini. Zilisimama kwa kukosa vipuri, kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi, kwa umeme na maji yaliyokatika zamu nzima. Kamati ya Wafanyakazi haikuagiza nyuzi wala haikugawa fedha za kigeni. Kumlaumu mfumaji kwa kitambaa ambacho uzi wake haukufika ni kumwonea mara mbili.

Na dawa ya kupunguza watu tuliionja. Kuanzia mwaka 1992, mashirika ya umma yapatayo 400 yaliwekwa kwenye orodha ya kurekebishwa, kuuzwa au kufungwa. Watumishi wa Serikali, waliokuwa wapatao 355,000 mwaka 1992, walikuwa chini ya 280,000 miaka michache baadaye. Tuliambiwa kwamba mzigo ukishuka, sekta binafsi itafumuka na kuwachukua walioshushwa. Wengi wao waliishia kwenye meza za mitumba na vibanda vya chipsi, na wana wao ndio wale wanaoitwa leo “sekta isiyo rasmi,” kana kwamba ni kabila. Hao angalau waliachishwa kazi na Serikali iliyo hai. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walikuwa bado wanadai haki zao katika miaka ya 2000, wakiwa wazee, wengine wakiwakilishwa na wajane.

SIKU 70

Sheria inayotawala leo ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ni vyema watumishi na walimu waijue, hata kama wao wanaongozwa zaidi na Sheria ya Utumishi wa Umma, kwa sababu ndiyo inayowahusu watoto wao na wanafunzi wao.

Je, ni kweli kwamba sheria hii imemfunga mwajiri mikono? Tuipime kwa vipimo vyake yenyewe. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi ya siku 28 tu. Akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo huanza kukimbia wakati yeye bado anatafuta nauli na mtu wa kumsomea barua. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za uchumi hakatazwi. Anatakiwa atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wahusika. Ikiwa kueleza sababu ni pingu, basi tatizo liko kwenye sababu zenyewe.

Sasa tuje kwenye malipo. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo kwa aliyeachishwa ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumika, na hesabu inakoma kwenye mwaka wa 10. Yaani, siku 70. Mtu aliyeingia kiwandani akiwa kijana wa miaka 25 na kutolewa akiwa na miaka 50, mgongo umepinda na macho yamekufa kwa vumbi, sheria inamhakikishia mshahara wa siku 70, sawasawa na aliyekaa miaka 10. Miaka yake 15 ya mwisho, ile aliyokuwa fundi hasa, haina bei. Tunaambiwa malipo haya ndiyo yanayowatisha wawekezaji!

Na huyo ni mwenye mkataba wa kudumu. Kwa mwenye mkataba wa muda maalumu, mkataba ukiisha kwa tarehe yake, kiinua mgongo hicho hakidaiwi kabisa. Ndiyo maana sheria ya 2004 iliuweka mkataba huo kwa wataalamu na mameneja tu, watu ambao aghalabu wanaweza kujadiliana na mwajiri wakiwa wamekaa kitini. Kanuni za mwaka 2017 zikaongeza kwamba usiwe chini ya miezi 12. Kinga hiyo ilichungwa na wajanja tangu mwanzo. Walianza kwa kupitia mlango wa mawakala: mtu anafanya kazi benki, amevaa sare ya benki, anatumwa na meneja wa benki, lakini karatasi inasema mwajiri wake ni kampuni ambayo ofisi yake hajapata kuiona. Ilibidi mwaka 2014 zitungwe kanuni za kuwazuia mawakala kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi kwa wengine.

Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi, na miongoni mwake ni kupanua mazingira ambayo hata asiye mtaalamu wala meneja anaweza kupewa mkataba wa muda maalumu, mathalani kwa kazi za msimu au kazi iliyoongezeka kwa muda. Kwa shamba la miwa ni jambo la haki, nasi tumekwisha kulikubali hapo juu. Lakini “kazi iliyoongezeka kwa muda” ni maneno yenye tumbo kubwa. Kiwanda cha maji ya chupa ambacho hakijapata kusimama hata wiki moja kwa miaka mitano kinaweza kusema kila mwaka kwamba kazi yake imeongezeka kwa muda. Mlinzi, mfagizi na mpakiaji watasaini kila Januari, na kila Desemba wataanza kumsalimia msimamizi kwa sauti ya unyenyekevu kuliko kawaida.

Sheria haikuwaacha mikono mitupu kabisa. Inasema kwamba kutoongeza mkataba wa mtu aliyekuwa na sababu ya haki ya kutarajia kuongezewa ni sawa na kumwachisha kazi. Ni kifungu kizuri, ila aliyeachwa ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya kutarajia. Mfagizi aliyeambiwa kwa mdomo, “usijali, tutaendelea,” ataithibitishaje ahadi hiyo mbele ya mwanasheria wa kampuni?

Pana jambo moja zaidi, ambalo nina hakika halikupangwa kwa makusudi, lakini linaeleza hali yetu kuliko hotuba. Mageuzi ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira. Kwa mtaalamu, ni asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi sita, ili apate pa kushika wakati akitafuta kazi nyingine. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini sharti lake ni kwamba mwanachama awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18. Basi chukua kijana aliyemaliza chuo na kupata mkataba wake wa kwanza wa miezi 12. Mkataba ukiisha asiongezewe, sheria moja imemruhusu mwajiri amwache, na sheria ya pili inamwambia bado hajatimiza masharti ya kusaidiwa. Kati ya 12 na 18 kuna shimo la miezi sita, na ndani yake ndimo tunamotaka vijana wetu wajifunze kuupenda unyumbufu.

Wasomi wetu hupenda kutoa mfano wa Denmark, ambako mwajiri anaweza kupunguza watu kwa urahisi na bado wafanyakazi hawana kihoro. Mfano ni mzuri, ila husimuliwa nusu. Haki ya mwajiri ya kuongoza na kugawa kazi ilikubaliwa na vyama vya wafanyakazi vya Denmark katika mapatano ya mwaka 1899, na wao kwa upande wao wakatambuliwa rasmi kuwa wenye haki ya kujadiliana. Aliyepoteza kazi huko, akiwa na bima, hulipwa kwa muda unaofikia miaka miwili, na Serikali hugharimia mafunzo ya kumrudisha kazini. Yote hayo hulipiwa kwa kodi ambazo mwajiri wetu akizisikia tu atahama nchi. Wanaotaka tuige mlango wa kutokea wa Denmark bila godoro lililowekwa chini yake wanataka watu waruke kutoka ghorofani.

Na hoja ya vijana je? Hudaiwa kwamba kijana wa leo hataki kazi ya kudumu, anataka uhuru. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji walizidi 130,000. Vijana wale walisafiri kutoka mikoani, wengine kwa nauli za kukopa, kwenda kufanya mtihani ambao kwa kila aliyepita zaidi ya 80 walikuwa wa kushindwa. Sidhani kama walikuwa wanafukuzia uhuru. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo mtu anaweza kupanga kujenga chumba, kuoa, na kumwambia mama yake aache kuuza maandazi.

DARASANI

Hadi hapa msomaji ambaye ni mwalimu au mtumishi wa ofisi ya umma huenda anakubali kwa kutikisa kichwa, akiwafikiria wenye viwanda. Sasa inatupasa kugeuza macho nyumbani.

Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yamejaa, na ikama ya walimu haikukua kwa kasi ya watoto. Pengo limezibwa na nani? Katika shule nyingi za kata linazibwa na mwalimu wa kujitolea: kijana mwenye shahada au stashahada, anayefundisha fizikia na hesabu kwa vidato vinne, anayesahihisha madaftari usiku kama mwenzake mwajiriwa, na anayelipwa kutokana na mchango wa wazazi pale mchango unapopatikana. Likizo ikifika halipwi. Hana mkataba wa maandishi, hana mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, hana bima. Mwalimu Mkuu humpa posho kwa aibu, naye huipokea kwa aibu. Siku akikosana na mwenyekiti wa kamati ya shule, hahitaji notisi ya siku 28. Anaacha tu kuonekana.

Huyo ndiye mfanyakazi mnyumbufu kuliko wote nchini, na yuko ndani ya shule ya umma. Kwa lugha ya babu zetu angeitwa kibarua, ila kibarua wa zamani angalau alikuwa na kikaratasi. Tutakuwa na uso gani wa kumkemea mwenye kiwanda cha chupa, ilhali chini ya picha ya Rais, katika darasa la Serikali, tunafanya lile lile na kuliita kujitolea? Kujitolea ni kitu kitukufu. Kijana anayekaa miaka mitatu akingoja tangazo la ajira kwa sababu akiondoka atasahauliwa, huyo hajajitolea, ametolewa.

Sisi tulio na ajira ya kudumu na pensheni tunashiriki jambo hili kwa ukimya wetu. Mei Mosi ya mwaka 2025 huko Singida, kima cha chini cha mshahara wa umma kilipotangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, vifijo vilikuwa vikubwa na vilikuwa vya haki. Yule wa kujitolea alisikiliza redioni. Vyama vyetu vya wafanyakazi huhesabu wanachama kwa makato ya mshahara, na asiyekatwa hahesabiki. Sheria ikilegezwa kwa wengine, kuta zetu hazitabaki nene kwa muda mrefu. Mwajiri wa umma naye anajua kuhesabu, na akiona kwamba darasa linaweza kuendeshwa na mtu asiyedai chochote, ipo siku atauliza kwa nini amlipe anayedai.

Kuna deni jingine upande wetu. Usalama wa ajira haukuwekwa ili mtumishi afike saa nne, atundike koti kitini na kwenda kwenye shughuli zake. Kila mwananchi anayeambiwa “njoo kesho” dirishani anajiunga na wale wanaosema kwamba ajira ya kudumu ni ugonjwa. Si kweli kwamba mtumishi wa umma haondoleki. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kwa vyeti vya kughushi, wakaondolewa kwa mkupuo. Baadhi yao walikata rufaa, ikaonekana vyeti vyao ni halali, wakarudi kazini. Wenzetu hao waliorudi ndio jibu kwa anayeuliza utaratibu una faida gani. Bila nafasi ya kusikilizwa, mwenye cheti halali angekwenda na maji pamoja na mwongo. Kupima kazi ya mtumishi kwa haki, kumsikiliza, kisha kumwondoa asiyefaa, ni sehemu ya usalama wa ajira na si kinyume chake. Tumekuwa na fomu za OPRAS kwa miaka mingi, kisha mfumo wa PEPMIS. Kila mmoja wetu anajua jinsi fomu zile zilivyokuwa zikijazwa siku ya mwisho, mkuu na mdogo wakipeana alama kama wanapeana karanga.

Yanayotakiwa hayahitaji mapinduzi. Kanuni zinazosimamia marekebisho ya 2025 ziweke ukomo wa wazi: kazi ambayo imekuwapo mfululizo kwa miaka mitatu si ya muda tena, na anayeifanya ahesabiwe kuwa wa kudumu bila kulazimika kwenda kuapa kwamba alitarajia. Mkataba wa muda unapoisha, mwajiri alipe malipo ya kumaliza mkataba, na yawe makubwa kuliko yale ya mwenye ajira ya kudumu. Kwa kuwa amenunua wepesi, bei ya wepesi ionekane kwenye vitabu vyake. Ukomo wa miaka 10 katika kiinua mgongo uondolewe. Sharti la miezi 18 lishuke hadi 12, ili sheria mbili za nchi moja zisimwangushe mtu mmoja katikati yake. Mwenye msimu wa kweli, wa miwa, pamba au utalii, apewe nafasi ya kuwaita watu wale wale kila msimu kwa orodha, wenye haki ya kurudi, badala ya kuanza na wageni wanyonge kila mwaka.

Waajiri watasema ni gharama. Ni kweli, ni gharama, na ilikuwapo siku zote. Tofauti ni kwamba hadi sasa imekuwa ikilipwa na shamba la mihogo la mama wa mfanyakazi.

Kwa upande wa Serikali, kazi inaweza kuanza kabla ya bajeti ijayo na kabla ya tume yoyote kuundwa. Kila mwalimu wa kujitolea apewe barua inayotaja kazi yake, muda wake na posho yake. Mchango wake upelekwe kwenye mfuko kila mwezi, hata ukiwa mdogo. Na miaka aliyofundisha ihesabiwe kwa alama zinazojulikana ajira zinapotangazwa. Majina yao yapo katika daftari la mahudhurio la kila shule, na Mkurugenzi wa Halmashauri hahitaji utafiti wala mshauri wa kigeni ili kuyapata.